Ukimaliza Gemu, Unarudi na Nini? Historia Fupi ya "New Game Plus"

Kila mcheza gemu anaijua hii. Umekesha wiki nzima, bosi wa mwisho kalala chali, majina ya watengenezaji yanapanda kwenye skrini. Levo yako iko juu, upanga wako unakata chochote, halafu hakuna tena wa kumkata. Inauma kinoma!

Wajapani waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1986, ukiimaliza The Legend of Zelda ilikufungulia safari ya pili, mahandaki yamebadilishwa na ugumu umeongezeka. Ila ulianza mikono mitupu. Ulichobaki nacho ni kichwa chako tu.

Mwaka 1995 ikaja Chrono Trigger ya Square. Walioiongoza walikuwa watu watatu wazito: baba wa Final Fantasy, baba wa Dragon Quest, na mchoraji wa Dragon Ball. Ukiimaliza, menyu inakuletea chaguo jipya: "New Game +". Unaanza hadithi upya lakini levo, silaha na mbinu zako unakuja nazo. Maadui wako vilevile, kwa hiyo unawapitia kama upepo.

Sasa utasema raha iko wapi kama hakuna upinzani? Iko kwenye hadithi. Ukiwa na nguvu zile unaweza kumfuata bosi wa mwisho mapema kabisa, na mwisho wa hadithi unabadilika kutegemea umemuua wakati gani. Kuna mwisho mmoja unakutana na watengenezaji wenyewe ndani ya gemu, wamesimama wanapiga stori na wewe. Jina la chaguo lile likageuka jina la mtindo wote.

Wengine walichukua njia tofauti. Diablo II, mwaka 2000, ilipanga ngazi tatu za ugumu, na ya tatu ikaitwa Jehanamu. Unapanda na mhusika yuleyule, lakini huruki ngazi, lazima umalize ya chini kwanza. Dark Souls ya 2011 haina kabisa menyu ya "rahisi" au "ngumu". Ukirudia unabeba silaha zako, na maadui nao wanakuwa wagumu zaidi. Yaani umekua wewe, na wao wamekua.

Lakini aliyenimaliza mimi ni Nier, mwaka 2010. Unairudia, unaelewa kwamba wale uliokuwa unawachinja nao walikuwa na ya kwao moyoni. Kisha kwenye mwisho wa nne unaulizwa: uko tayari kumwokoa rafiki yako kwa kufuta kila kitu? Ukikubali, data zako zote ulizohifadhi zinafutwa mbele ya macho yako, masaa yako yote kwaheri.

Miaka saba baadaye, Nier: Automata ikaongeza dozi. Unaombwa ufute kila kitu ili kumsaidia mchezaji mwingine usiyemjua, ambaye huenda usipate hata asante yake.

Kwa hiyo toka 1986 swali limekuwa lilelile: ukimaliza, unastahili kubaki na nini? Zelda ilisema akili yako. Chrono Trigger ikasema vyote. Nier ikauliza kama unaweza kuviachia.

Mimi nilikaa na pedi mkononi muda mrefu, nikabonyeza "ndiyo". Wewe je, ungefuta? Tiririka hapo chini.