KUSHUSHA GARI CHINI KWA BAJETI NDOGO: SOMA KABLA FUNDI HAJAWASHA GRAINDA

Kama uko kafe na dakika zinayoyoma, jibu fupi ni hili: usikate springi, usizichome moto, tafuta springi fupi za mtumba zilizotengenezwa kwa ajili ya gari ya aina yako, na hela ya alaimenti iweke pembeni kabisa. Mwenye muda aendelee kusoma, maana hili somo mimi nililipia ada.

Gari yangu ya kwanza ni Toyota Starlet. Siku ya kwanza tu nikaona ile nafasi kati ya tairi na bodi, ngumi inapita bila kugusa. Nikasema hii lazima ilale. Fundi mmoja wa mtaani akaniambia, "Dogo, kazi ndogo hiyo, tunakata mzunguko mmoja na nusu, jioni unaondoka nayo." Bei yenyewe ilikuwa ya kula chipsi kuku, nikakubali haraka kabla hajabadilisha mawazo.

Wiki ya kwanza nilikuwa staa. Wiki ya pili tukapata pancha tukitoka Kimara, mama yangu kakaa mbele. Nikapiga jeki, nikabadili tairi, nikashusha. Tukasikia KO! Gari ikakaa upande kama ina kiharusi. Mama akashuka, akaniambia, "Mwanangu, mimi napanda daladala," na akapanda kweli.

Kilichotokea ni hiki. Springi ya kiwandani ni ndefu makusudi, ili hata tairi ikining'inia hewani iendelee kubanwa kwenye kikalio chake. Ukiikata inakuwa fupi kuliko nafasi yake. Ukipiga jeki, au tairi ikidumbukia shimoni, springi inalegea na kuhama. Halafu ile ncha iliyokatwa haina umbo la kukaa sawasawa kwenye kikalio.

Kuna na ugumu pia. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukitoa 1, zile 5 zinakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, kwa sababu waya wa kujipinda umepungua. Lakini safari ya shokapu nayo umeipunguza kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo kila tuta inagota kwenye raba yake, na raba ikiisha inagota chuma kwa chuma.

Kuchoma springi kwa moto wa gesi mpaka ilale ni balaa kuliko kukata. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa kipimo. Ukikichoma unaua ile nguvu ya kurudi, tena hapa na pale bila mpangilio, na siku moja inakatika ukiwa kwenye mwendo.

Sasa za mtumba. Nilizunguka Ilala na Gerezani Jumamosi nzima. Springi fupi za Kijapani kama Tein zinapatikana ukiwa na subira, maana vijana wa kule Japani nao wana ugonjwa kama wetu. Chukua zote nne zilizotoka gari moja. Soma namba zilizoandikwa kwenye waya: mbili za mbele zifanane, mbili za nyuma zifanane. Kutu ya juu juu siyo kesi, ila kutu iliyokula mashimo achana nayo, ufa ndipo unapoanzia. Angalia ncha zote mbili. Zikiwa na alama ya grainda, ujue unauziwa zile zile za fundi wangu!

Koilova za mtumba zinatamanisha, unapandisha na kushusha utakavyo. Mimi niliziacha. Nyingi nilizoziona nyuzi zake zimeganda kwa kutu na oili inavuja. Shokapu yenye oili nje imeshakufa, hata ikipakwa rangi mpya.

Kabla ya kununua chochote, chukua futi. Jaza watu wanne ndani ya gari, pima kutoka sehemu ya chini kabisa, mara nyingi ni ekzosi, mpaka ardhini. Starlet yangu tupu ilikuwa sentimita 15, na washikaji ndani ikabaki 12. Ukishusha 5, unabaki na 7. Japani kwenyewe sheria inadai isipungue sentimita 9, na barabara zao mnazijua. Halafu nenda kapime tuta la mtaani kwenu, usione aibu.

Nikachukua za kushusha 3. Mpaka hapo shokapu za kawaida bado zinamudu kama ni nzima, zangu zilikuwa zimechoka nikabadili za mbele. Wakati wa kufunga, springi lazima ibanwe na kibano chake ndipo nati ya juu ifunguliwe. Ukiona fundi anaanza na nati, simama mbali, hiyo springi inaua mtu.

Ukishashusha, tairi za mbele zinabadilika mkao. Usipofanya alaimenti zinakula upande mmoja na kuisha mapema, na tairi mbili ni hela kuliko springi zote. Na kama una bima kubwa, waambie umebadilisha, wasije wakakukatalia siku ya ajali.

Kwa asiye na hela kabisa: acha springi zake, tafuta rimu kubwa kidogo na tairi nyembamba. 155/80R13 na 175/60R14 zinatofautiana kimo kama sentimita 1 tu, ila macho yanaona gari nyingine kabisa.

Yangu sasa ngumi haipiti, vidole vitatu tu. Tuta moja karibu na nyumbani bado linanigusa ekzosi nikibeba watu nyuma, huwa nalipita kimshazari. Mama karudi kupanda, ila nikipiga jeki anasimama ng'ambo ya barabara. Wadau wenye Vitz na IST, mmeshusha kwa springi gani? Mwageni hapo chini.