Tingatinga ni nani? Mchoraji aliyeanza na rangi ya baiskeli

Msikilizaji, ukitaja tingatinga hapa Mkange, wengi watafikiria lile dude la kusukuma udongo barabarani. Lakini zile picha za twiga, chui na ndege wanaouziwa watalii Bagamoyo na Zanzibar zimepata jina lake kwa mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, katika kijiji ambacho sasa kinaitwa Nakapanya. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama Mkristo. Miaka ya 1950 alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kama vijana wengi wa kusini wakati ule. Baadaye akahamia Dar es Salaam, akawa mtunza bustani na mtumishi wa nyumbani, kisha akahangaika na vibarua.

Alishika brashi mwaka 1968, tayari mtu mzima wa miaka 36. Chuo cha sanaa hakukiona. Alichukua vipande vya mraba vya silingibodi na rangi ya mafuta, ile inayopakwa baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana kwa bei yake. Rangi hiyo inang'aa na hukauka ngumu, haichanganyiki kirahisi ubaoni. Kwa hiyo alipaka nyuma rangi moja tu, akaweka katikati mnyama mmoja mkubwa, kisha madoa. Mimi naziona picha zake zina utulivu kuliko nyingi za leo, zilizojazwa wanyama mpaka pembeni.

Mkewe, Agatha, alikuwa akiziuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, walikonunua mahitaji wageni wengi. Biashara ilipochangamka, Tingatinga aliwafundisha ndugu na jamaa, wakiwemo January Linda, Simon Mpata na Casper Tedo. Alipata pia kazi hospitali ya Muhimbili, akaendelea kuchora baada ya saa za kazi.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi Dar es Salaam, wakidhani ni mhalifu anayetoroka. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Wanafunzi wake hawakuacha. Mwaka 1990 waliunda chama cha ushirika, na hadi leo wachoraji wako palepale Oysterbay. Picha za mkono wake mwenyewe ni chache. Ukiona mpya dukani, Tingatinga ni jina la mtindo. Aliyeichora, mtafute kwenye kona ya picha.