Saa 48 za Nairobi na Gunia la Mpunga la Majimoto

Siku hizi kijana akitaka kuonekana ana akili haitaji shamba wala duka. Anahitaji wazo, slaidi chache na dakika tatu mbele ya majaji. Wenyewe wanaita kupichi. Watu wanakusanywa ukumbini siku mbili au tatu. Jioni ya kwanza kila mwenye wazo anasimama na kulieleza haraka haraka, wenzake wanalipigia kura, mawazo machache yanabaki na vikundi vinaundwa. Usiku hakuna kulala. Kuta zinajaa vikaratasi vya kubandika, anayejua kuandika programu anaandika, anayejua kusema anafanya mazoezi ya kusema. Siku ya mwisho wanapichi, mshindi anatangazwa, anapigwa picha akiwa ameshika hundi kubwa ya karatasi ngumu.

Mimi ni mtu wa Majimoto, huku Mpimbwe mkoani Katavi, kwenye chemchemi za maji ya moto na majaruba ya mpunga. Nimekuwa nikiifuatilia historia ya kambi hizi kwa sababu moja tu: wazo ambalo halikosekani kwenye kumbi hizo linatuhusu sisi. Mkulima, simu, bei ya soko. Hebu tuulize basi, wazo hilo limetoka wapi, na tangu lianze kupichiwa limemfikisha wapi mkulima?

Chimbuko la kambi zenyewe halikuwa biashara. Juni 1999 kikundi kidogo cha waandishi wa programu wa mradi wa OpenBSD kilikutana Calgary, Kanada, kikakaa pamoja siku kadhaa kikiandika programu. Walichagua Kanada kwa sababu sheria za Marekani za wakati ule zilibana usafirishaji wa teknolojia ya kuficha mawasiliano. Hapo ndipo neno hakathoni lilipoanza kutumika. Hapakuwa na majaji wala hundi. Watu walikutana kufanya kazi waliyoijua, kwenye programu waliyokuwa wakiitumia wenyewe. Miaka minane baadaye, 2007, huko Boulder, Colorado, Andrew Hyde alianzisha Startup Weekend: saa 54 za kuanzisha kampuni kutoka sifuri. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kazi ikawa mashindano, na anayeitwa kutoa hukumu akawa mwenye mtaji, si mtumiaji.

Afrika Mashariki tuliingia kwa mlango wa huzuni. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 nchi iliwaka moto. Januari 2008 Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika habari za vurugu zile kwenye blogu yake, alitoa wazo la ramani ambayo mwananchi angeweza kuonyesha mahali alipoona uhalifu. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine wakaitengeneza kwa siku chache. Ndiyo Ushahidi. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya haraka, lakini haraka yake ililetwa na jambo lenyewe, si na ratiba ya ukumbi. Machi 2010 iHub ikafunguliwa Nairobi, na vijana wa programu wakapata pa kukutania.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2010 yalifanyika Nairobi mashindano yaliyoitwa IPO48, saa 48 za kubuni bidhaa ya simu au ya intaneti. Walioshinda walikuwa kikundi cha wasichana: Jamila Abass, Susan Oguya na wenzao. Wazo lao liliitwa M-Farm. Mkulima alituma ujumbe mfupi kwenda namba 3535, akarudishiwa bei ya zao lake sokoni siku hiyo. Walipata mtaji wa euro 10,000 na sifa dunia nzima. Wasichana, simu, wakulima: kama ungetaka kutunga hadithi ya kuwafurahisha wafadhili usingeweza kutunga nzuri zaidi.

Wazo lenyewe halikuwa geni. Soko la mazao la KACE, lililoanzishwa Kenya 1997, lilikuwa tayari likikusanya bei na kuzitangaza, baadaye hata kwa meseji. Ila sitaki kuwadharau wale dada. Walifanya jambo ambalo washindi wengi hawalifanyi: walitoka ukumbini wakaenda kwa wakulima. Na huduma yao haikuishia kwenye bei. Ndani yake mliingia kununua pembejeo kwa pamoja na kuuza kwa pamoja. Mimi nikiyasoma hayo naona jambo moja: ukikaa na mkulima kidogo tu, unagundua bei peke yake haimtoshi.

Sasa njoo Majimoto. Mavuno yakianza mpunga unajaa kila mahali na bei inaanguka. Kila mmoja hapa anajua kwamba miezi ya mbele, mvua zikishika na maghala yakipungua, bei itapanda. Hiyo si siri inayohitaji programu ya simu. Lakini kuna deni la mbolea, kuna vibarua wa kuvuna, kuna mtoto wa shule. Wengine wameshauza mpunga ungali mbichi shambani, walichukua hela njaa ilipobana. Mnunuzi anakuja na gari lake na vijana wake wa kupakia, na anataka gunia lijazwe mpaka livimbe kichwa, lishonwe kwa kamba juu ya mdomo. Lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, lakini sheria iko mbali na gari liko hapa.

Niliwahi kumweleza mama mmoja wa jirani, mkulima wa miaka mingi, kuhusu vijana wanaobuni programu ya kumpa bei za Dar es Salaam. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa. Kisha akasema: "Bei ya Dar naijua, mwanangu. Mdogo wangu yuko Tandale, namuuliza. Nipe gari."

Maneno ya mama yule wataalamu wameyafikia kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 2007 mchumi Robert Jensen alichapisha utafiti wake juu ya wavuvi wa Kerala, kusini mwa India, ambako simu za mkononi ziliingia kati ya 1997 na 2001. Kabla ya simu, wavuvi wa pwani moja waliweza kumwaga samaki baharini kwa kukosa mnunuzi, huku soko la jirani wanunuzi wakirudi nyumbani mikono mitupu. Simu zilipoingia, mvuvi akiwa bado majini alipiga kuuliza, akageuza mtumbwi kuelekea penye wateja. Faida ya wavuvi ilipanda kwa takribani asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4, na kumwaga samaki kukaisha. Utafiti huo ukawa msahafu kwa watu wa mawazo ya kidijitali. Slaidi nyingi za bei za mazao, hata kama mwenye slaidi hajui, zinasimama juu ya wavuvi wa Kerala.

Lakini 2012 Marcel Fafchamps na Bart Minten walichapisha matokeo ya jaribio lingine, India hiyohiyo, jimbo la Maharashtra. Katika vijiji 100, baadhi ya wakulima walipewa huduma ya kupata bei na habari za hali ya hewa kwa meseji, wengine hawakupewa. Bei waliyouzia haikuonyesha tofauti ya maana.

Kwa nini Kerala ndiyo na Maharashtra hapana? Wachumi wana maelezo yao mengi, mimi ninatoa langu la kijijini. Mvuvi ana mtumbwi. Akisikia bei nzuri mahali anageuza usukani. Mkulima wa Majimoto akisikia bei nzuri ageuze nini? Kutoka hapa mzigo uende Usevya, Kibaoni, ukate Hifadhi ya Katavi mpaka Sitalike, ndipo ufike Mpanda, na hapo safari ndiyo kwanza inaanza. Habari inamsaidia mwenye uwezo wa kuifanyia kazi. Asiye na uwezo huo, habari inamfanya ajue kwa usahihi zaidi kiasi anachopunjwa.

Na si mara ya kwanza sisi wa magharibi kupichiwa. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipeleka wazo kwa serikali ya Uingereza: limeni karanga Tanganyika kwa matrekta, mpate mafuta ya kula. Ujumbe wa watu watatu chini ya John Wakefield ukazunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukitazama nchi kutoka angani, ukarudi na ripoti yenye matumaini. Ikapangwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, na moja ya sehemu zilizochaguliwa ilikuwa Urambo, huko njia ya Tabora. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, umekula pauni milioni 36. Walioijua ardhi ile na mvua zake walikuwepo muda wote. Hawakuwa kwenye ukumbi wa majaji.

Reli yetu nayo ina somo lake. Tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda lilikamilika 1950, halikujengwa kwa ajili ya mkulima bali kwa ajili ya madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira. Mgodi ukafungwa 1960. Wazo likafa, reli ikabaki, na watu wakaipakia mazao na safari zao. Kilichowafaa wananchi ni kile ambacho hata asiyekuwemo kwenye mpango angeweza kukitumia kwa shida zake mwenyewe.

Nikiangalia kwa jicho hilo naielewa vizuri zaidi M-Pesa, ambayo kila anayepichi huitaja. Haikuzaliwa kwa saa 48. Nick Hughes wa Vodafone alianza kutafuta fedha zake 2003, nusu zikatoka mfuko wa misaada wa Uingereza. Oktoba 2005 majaribio yakaanza Kenya na Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kwa wateja wasiofika elfu moja. Lengo lilikuwa kurejesha mikopo kwa simu. Lakini wateja wale wakaanza kufanya yao: kutumiana hela, kulipia watu wengine, kuhifadhi pesa kwenye simu wakiwa safarini. Walioendesha jaribio wakakubali kufundishwa. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ile habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando, ujumbe ukawa kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata Vodacom wakaileta Tanzania. Leo hata mnunuzi wa mpunga Majimoto analipa kwa simu. Wazo la kwanza lilishindwa, ila lilipewa muda wa kushindwa mbele ya watumiaji badala ya kushinda mbele ya majaji.

Sisemi kambi hizi zifungwe. Tanzania tuna COSTECH tangu 1986, tuna Buni Hub pale Kijitonyama tangu 2011, na tangu 2019 tuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambayo angalau yanamkaribisha hata fundi asiye na cheti. Vijana wa Mpanda na wa Mpimbwe wanastahili kuwa kwenye kumbi hizo. Kijana wa kwetu akijifunza kusimama na kulieleza jambo kwa dakika tatu, hiyo ni elimu. Na pesa ya kuanzia ni pesa.

Ninachodai ni mabadiliko ya maswali. Majaji hupenda kuuliza soko lina ukubwa gani na wewe utapata faida vipi. Ni maswali halali, lakini yote mawili yanamhusu mwenye wazo. Yaongezwe mengine. Akishaipata hii meseji yako, mkulima anaweza kufanya nini leo ambacho jana hakuweza? Gari ni la nani? Gunia litapimwa kwenye mizani ya nani? Deni lake la msimu analipa nani ili asilazimike kuuza mwezi wa mavuno? Wazo linalogusa mizani, ghala au gari la pamoja halipendezi sana kwenye slaidi, maana nusu yake ni vyuma, mikutano na vikao vya ushirika. Lakini ndilo lenye mtumbwi wa kugeuza.

Na kwenye meza ya majaji kiwekwe kiti kimoja cha mtu ambaye gunia ni lake. Asiitwe kuja kupigwa picha. Apewe kura sawa na ya mwenye mtaji, na akisema "nipe gari", iandikwe.