Usiku wa kusi ndani ya Liemba

Mtu wa Muze, kijiji cha Bonde la Rukwa, akitaka kusafiri kwa meli hana budi kuupanda kwanza ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Ziwa lake mwenyewe, Rukwa, ni la maji mafupi, mitumbwi hulitosha. Hupita Sumbawanga na Matai, kisha huteremka hadi Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika lenye kina kinachofikia mita 1,470. Hapo ndipo kwa miaka mingi watu wa Rukwa waliingojea meli ya Liemba.

Habari za vita vyake zimesimuliwa sana. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kutiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikafika Kigoma kwa reli. Mafundi watatu, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, walikuja kuiunga upya, na Februari 1915 ikashushwa majini ikiitwa Graf von Goetzen. Julai 1916, Wajerumani wakizidiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, walizipaka injini grisi nzito, wakaipakia meli mchanga na kuizamisha ziwani. Grisi ile ndiyo iliyoiokoa. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 walikuta mitambo bado inafaa, na Mei 16, 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba.

Mimi naona historia yake kubwa zaidi ni ya waliolala ndani yake. Kwa ratiba ya miaka ya karibuni iling'oa nanga Kigoma Jumatano na kufika Mpulungu, Zambia, Ijumaa. Mwenye uwezo alipata kabini. Wengine walitandika khanga na mikeka penye nafasi, kati ya magunia ya dagaa na mihogo, wakajenga urafiki na jirani kabla hakujakucha.

Kuanzia Mei hadi Agosti safari hiyo ilikuwa na adha yake. Upepo wa kusi hulifuata ziwa kwa urefu wake, huinua mawimbi, na baridi ya kipupwe huwapata walio sitahani. Mama aliyetoka nyanda za baridi za Ufipa alijua kubeba blanketi. Mgeni alijifunza usiku wa kwanza.

Tena usingizi wenyewe haukuwa mrefu. Kirando, Kipili, Wampembe: vituo vingi havikuwa na gati, kwa hiyo meli ilisimama mbali na ufuko na kupiga honi. Mitumbwi ilikuja gizani na kugombania ubavu wake. Mtoto alipokezanywa mkono kwa mkono, gunia likafuata, na aliyeshuka alipaswa kukisia wimbi kabla ya kuuachia mkono wa baharia.

Mwaka 1997 meli hiyohiyo ilishiriki kuwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000, na mwaka 2015 ikawachukua Warundi waliojazana ufukweni Kagunga, mamia kwa kila safari, ikiwapeleka Kigoma.

Baadaye ilisimama Kigoma kusubiri ukarabati mkubwa. Lami imefika Kasanga, lakini vijiji vingi vya mwambao bado vinalitegemea ziwa. Wanaoikarabati Liemba wasiishie kwenye injini na rangi. Abiria wa daraja la tatu wanahitaji kuta za kuzuia kusi, na vituo visivyo na gati vinahitaji kujengewa.