Mabao 26 ya Sonyi

Kwa miaka 47, kila mshambuliaji aliyeanza kufunga mfululizo katika ligi kuu ya Kenya alilinganishwa na mtu mmoja. Maurice Ochieng, ambaye mashabiki walimwita Sonyi, alifunga mabao 26 akiichezea Gor Mahia msimu wa 1976, na Gor ikatwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Washambuliaji wakaja wakaenda, ligi ikabadili majina na wadhamini, viwanja vikajengwa na vingine vikachakaa, lakini 26 ikabaki pale pale. Mzee wa Kisumu asiyekumbuka matokeo ya mechi hata moja ya mwaka ule bado atakutajia idadi hiyo bila kusita.

Sasa mwulize mzee huyo huyo mambo mengine. Ni nani aliyempa Sonyi pasi nyingi zaidi? Alicheza mechi ngapi, dakika ngapi? Beki gani alizima mashambulizi mengi zaidi katika msimu ambao timu haikufungwa na yeyote? Hapo utasikia majina, sifa na visa vitamu, ila hutasikia tarakimu. Si kwamba kumbukumbu imemponyoka. Mambo hayo hayakuandikwa. Magazeti ya siku zile yalichapa matokeo, majina ya wafungaji na msimamo wa ligi, basi. Hivyo historia ya soka ya ukanda wa ziwa imewahifadhi wafungaji kwa hesabu na kuwaacha wachezaji wengine wote mikononi mwa simulizi. Naliona hilo kuwa hasara kubwa, na naamini chanzo chake kinaelezeka.

Reli ilifika ufukweni mwa ziwa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kushika. Kandanda ilikuja na watumishi wa serikali, makarani wa reli na wamisionari, kisha ikatia mizizi shuleni. Maseno, shule iliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1906, iliongozwa kuanzia 1928 hadi 1940 na Edward Carey Francis, mwanahisabati aliyeacha kazi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Cambridge akaja kufundisha karibu na mstari wa ikweta. Vijana waliojua hesabu na vijana waliojua mpira walikuwa wale wale, wakikaa madarasa yale yale. Hata hivyo, daftari la mchezo lilibaki jembamba: tumeshinda, tumeshindwa, nani kafunga.

Baada ya uhuru vilabu vikakua upesi. Luo Union ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 1964. Mwaka 1968 ikazaliwa Gor Mahia, iliyopewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, na ikabeba ubingwa katika msimu wake wa kwanza kabisa. Makao yake yalikuwa Nairobi, lakini wenye timu walikuwa huku ziwani. Kutoka Port Victoria kule Budalang'i hadi Muhuru Bay, mwambao mzima uliifuata kwa redio. Leonard Mambo Mbotela na watangazaji wenzake wa Sauti ya Kenya ndio waliokuwa macho ya watu hawa. Mtangazaji hodari angeweza kumfanya msikilizaji auone mpira ukitoka kwa kipa hadi lango la pili, lakini mechi ilipokwisha kilichobaki ni wafungaji. Redio haina jedwali.

Pengo hilo watu walilijaza kwa majina ya utani, na hapa nataka tutue kidogo, kwa sababu majina hayo yalikuwa namna yao ya kupima wachezaji. Allan Thigo, kiungo wa Gor na wa timu ya taifa, aliitwa Dakika Tisini. Jina hilo lilibeba habari kamili ya pumzi zake: huyu hachoki mpaka kipenga cha mwisho. Katika kikosi cha 1987 kulikuwa na Paul Oduwo aliyeitwa Cobra, Tobias Ocholla aliyeitwa Jua Kali, George Onyango aliyeitwa Fundi, na nahodha Austin Oduor, Makamu. Mashabiki walikuwa wamewatazama watu hawa mechi baada ya mechi, wakaafikiana juu ya tabia zao uwanjani, wakatoa hukumu kwa neno moja. Hukumu hiyo ilikuwa na akili nyingi. Upungufu wake ni kwamba haikubali kulinganishwa. Utajuaje kama Cobra wa 1987 alimzidi beki wa 1976, au beki wa leo?

Mwaka ule wa 1968 Gor ilipozaliwa, watu wa mbali walikuwa wakihangaika na swali hilo hilo. Kule Amerika ya Kaskazini, ligi kuu ya hoki ya barafu, NHL, ilianza msimu wa 1967–68 kuweka rasmi hesabu ya jumlisha na toa. Timu ikifunga bao ukiwa ndani ya uwanja, unaongezewa moja hata kama hukugusa mpira wao ule bapa. Ikifungwa ukiwa ndani, unapunguziwa moja. Mabao yanayofungwa na timu yenye mchezaji wa ziada kwa sababu mpinzani ameadhibiwa hayahesabiwi kwa mfungaji wala wenzake. Kwa mara ya kwanza beki ambaye hafungi alikuwa na hesabu yake mwenyewe kwenye karatasi ya ligi.

Hesabu hiyo ina kasoro zake, na watu wa hoki wamezijadili kwa miongo mingi. Mchezaji wa wastani katika timu kali hupanda bila jasho, na mchezaji bora katika timu dhaifu huzama. Tena mabao ni machache, kwa hiyo bahati hupata nafasi kubwa. Ndiyo maana baadaye likaja wazo la kuhesabu mashuti yote, yaliyolenga goli, yaliyotoka nje na yaliyozuiwa, ya timu yako na ya wapinzani, muda wote ukiwa uwanjani. Kipimo hicho kinaitwa Corsi, kwa jina la Jim Corsi, aliyekuwa kocha wa makipa wa Buffalo Sabres. Mashuti ni mengi kuliko mabao, hivyo picha hutulia mapema na bahati hupungua nguvu.

Uingereza nako, mwaka huo huo wa 1968, Charles Reep na mtakwimu Bernard Benjamin walichapisha utafiti wao juu ya ustadi na bahati katika soka. Reep alikuwa mhasibu wa jeshi la anga, na tangu Machi 1950 alikuwa akienda uwanjani na daftari na penseli kuandika kila pasi. Aligundua kwamba karibu asilimia 80 ya mabao yalitokana na pasi tatu au pungufu, akahitimisha kwamba timu zipige mpira mbele upesi. Wako makocha waliomfuata. Kosa lake lilionekana baadaye: katika hesabu zake mwenyewe, zaidi ya asilimia 90 ya mashambulizi yote yalikuwa ya pasi tatu au pungufu. Mashambulizi marefu, ingawa yalikuwa machache, yalizaa mabao kwa kiwango kizuri zaidi. Daftari lake lilikuwa sahihi, akakosea kwa kutouliza mabao hayo yalitoka katika majaribio mangapi.

Swali hilo aliloliacha Reep tulipeleke kwa Sonyi. Mabao 26 katika mechi ngapi? Tumeona kwamba hilo halikuandikwa, lakini misimu ya karibuni tunaweza kuilinganisha. Mwaka 2015 ligi ilikuwa na timu 16, raundi 30. Mfungaji bora alikuwa Jesse Were wa Tusker kwa mabao 22, na Michael Olunga wa Gor Mahia alikuwa na 19. Msimu wa 2022–23 ligi ilikuwa na timu 18, raundi 34. Hapo ndipo Elvis Rupia wa Kenya Police alipofunga 27 na kuivunja rekodi ya 1976, huku Benson Omala wa Gor, kijana aliyepitia shule ya Kisumu Day, akiishia 26, sawasawa na Sonyi. Ukigawa kwa raundi, Rupia alipata bao 0.79 kwa kila raundi, Omala 0.76, Were wa 2015 0.73. Tofauti iliyoonekana pana, kati ya 22 na 27, inakuwa nyembamba. Rupia anastahili heshima yote ya rekodi yake. Lakini yeyote anayedai kwamba msimu wake ulimzidi ule wa Were kwa mabao matano anasema nusu ya habari, kwa sababu alikuwa na raundi nne zaidi.

Kuna jambo lingine katika misimu hiyo miwili. Mwaka 2015 mfungaji bora alikuwa wa Tusker, ila bingwa alikuwa Gor, tena bila kushindwa. Mwaka 2023 mfungaji bora alikuwa wa Police, na bingwa akawa Gor tena. Mara zote mbili kiatu cha dhahabu kilikwenda upande mmoja na kombe upande mwingine. Kuna kazi iliyofanywa na mabeki, viungo na makipa wa Gor ambayo orodha ya wafungaji haiwezi kuionyesha. Olunga mwenyewe, aliyemaliza nyuma ya Were, alinunuliwa na Djurgården ya Sweden mapema 2016, na mwaka 2020 akiwa Kashiwa Reysol akafunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Orodha ya 2015 peke yake isingekuonyesha kwamba huyu ndiye atakayefika huko.

Siku kubwa kuliko zote katika historia ya Gor nayo iliamuliwa na hesabu. Mwaka 1979 Gor ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikafungwa na Canon Yaoundé 2–0 Nairobi na 6–0 ugenini. Mwaka 1987 ikarudi fainali chini ya kocha Jack Johnson, ikatoka sare 2–2 na Espérance jijini Tunis, kisha 1–1 Nairobi. Jumla ilikuwa 3–3, na mabao mawili ya ugenini yakaipa Kenya kombe lake la kwanza la vilabu barani. Tunamkumbuka Peter Dawo, mshambuliaji wa kikosi kile, na tunafanya vyema. Ila Espérance ingepata bao moja zaidi Nairobi, kombe lingekwenda Tunisia, kwa hiyo kila mpira uliookolewa na kipa David Ochieng na mabeki wake ulikuwa na thamani ya kombe zima. Mipira hiyo ilikuwa mingapi? Laiti mtu mmoja angekaa jukwaani na daftari!

Wapo watakaosema takwimu zinaua utamu wa mpira, na kwamba jicho la mzoefu linatosha. Hoja hiyo naiheshimu, na mfano wake bora ni Mkenya. Novemba 7, 2012, Barcelona ilikaa na mpira kwa zaidi ya asilimia 80 ya mechi jijini Glasgow, lakini Celtic ikashinda 2–1, bao la kwanza likiwa la kichwa la Victor Wanyama. Aliyetazama umiliki wa mpira pekee angemtangaza aliyeshindwa kuwa mshindi. Lakini somo la usiku ule ni kwamba kipimo kilichaguliwa vibaya. Kiungo mkabaji kama Wanyama hupimwa kwa mipira anayonyang'anya, njia anazoziba, na idadi ya mashuti ambayo wapinzani wanapata akiwa uwanjani ikilinganishwa na asipokuwapo. Siku hizi vipimo hivyo vipo, na mchezaji wa namna yake hauzwi tena kwa sifa tu. Southampton ilimnunua kwa pauni milioni 12.5 mwaka 2013, na akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Huku ziwani hali haijasogea sana kwa vijana. Shule za Sinyolo na Nyamira zimetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa shule kali za hoki ya wasichana nchini, na Kisumu ina klabu yake, Lakers. Hoki yetu inachezwa bila barafu, lakini swali la beki ni lile lile la 1968. Msichana anayezuia kona za adhabu mashindano mazima atapewa makofi, kisha atamaliza shule bila karatasi inayoonyesha alichofanya. Mwenzake aliyefunga mabao sita atakuwa nayo. Skauti au chuo kikitafuta mchezaji, ni nani atakayeonekana?

Kazi hii haihitaji kompyuta. Mwalimu wa michezo, chagua mwanafunzi mmoja anayependa hesabu, umpe daftari. Aandike dakika za kila mchezaji, mashuti ya pande zote mbili, mabao, na nani alikuwa uwanjani bao lilipoingia. Kwa mechi kumi utakuwa na kitu ambacho mabingwa wa 1976 hawakuachiwa.

Na kwa habari za zamani, muda ni mfupi zaidi. Tangu 1994 watu wa kujitolea wa RSSSF wamekuwa wakikusanya matokeo ya ligi za dunia nzima, zetu zikiwamo, na magazeti ya zamani yapo katika maktaba ya McMillan jijini Nairobi kwa atakayekubali kukaa nayo. Lakini wachezaji waliokuwa na miaka 25 mwaka 1976 sasa wamepita 70. Ukiwa na mzee nyumbani aliyecheza, aliyechezesha au aliyehifadhi vipande vya magazeti ya enzi zile, keti naye wiki hii, andika majina ya vikosi na mechi anazozikumbuka, kisha upeleke nakala katika maktaba iliyo karibu nawe.