Mpira: tunamkumbuka mwizi wa mbegu, wagema je?

Kwetu neno "mpira" linabeba mambo mengi. Ni kandanda, ni bomba la kumwagilia bustani, ni ule wa kwenye kiuno cha kaptula. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu mzima ndipo nikaanza kusoma habari za mti wake.

Mti huo, Hevea brasiliensis, asili yake ni msitu wa mvua wa Amazoni. Ukichanja gome lake, unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Hadithi inayopendwa kuuhusu ni ya wizi. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu kama 70,000 kutoka eneo la mto Tapajós, Brazili, hadi bustani ya Kew, London. Zilizoota hazikufika 3,000. Miche ikapelekwa Asia, hasa Ceylon, na baadaye mashamba ya huko yakaiangusha biashara ya Amazoni.

Hadithi tamu, ina mjanja na ina aliyeporwa. Lakini wakati huo Brazili haikuwa na sheria ya kuzuia mbegu hizo kutoka. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba tunazililia mbegu, tunawasahau watu.

Porini miti hii husimama mbalimbali, na kutawanyika huko ndiko kunakoikinga na ukungu unaoua majani. Henry Ford hakulijali hilo. Mwaka 1928 alianzisha Fordlandia, kandokando ya Tapajós hiyohiyo, miti ikapandwa karibu karibu, ukungu ukaifyeka. Mwaka 1945 ardhi ikarudishwa kwa serikali ya Brazili. Asia mashamba yalistawi kwa sababu ukungu huo haukuwako.

Sasa, miti ikiwa imetawanyika, lazima mtu aifuate. Mgema aliamka alfajiri, akapita njia za msituni mti baada ya mti. Wengi walinaswa na madeni ya chakula na vifaa walivyokopeshwa na tajiri, deni lisiloisha. Huko Putumayo hali ilikuwa mbaya zaidi: kampuni ya Julio César Arana, iliyosajiliwa London, iliwatumikisha Wahuitoto na majirani zao kwa viboko, njaa na bunduki.

Roger Casement alikwenda kuchunguza mwaka 1910. Hakuwa mgeni wa mambo hayo. Mwaka 1903 alikuwa ameona unyama wa aina hiyo katika Kongo ya Mfalme Leopold, ambako mpira ulitoka kwenye mimea itambaayo, jamaa ya mbungo wetu. Mmea mwingine, kiboko kilekile.

Manaus nako, utajiri huohuo wa mpira ulijenga jumba la opera, likafunguliwa 1896. Lipo hadi leo, na watalii wanalipiga picha.

Kwa hiyo mtu akinisimulia tena habari za Wickham, namsikiliza mpaka mwisho. Halafu namuuliza: haya, na waliogema walilipwa nini?