Kumchimbia Mbwa Njia: Historia ya Istilahi

Mwaka 1570 John Caius, tabibu wa Kiingereza, alichapisha kwa Kilatini kitabu kuhusu mbwa wa nchi yake. Humo alimtaja mbwa mdogo aingiaye ardhini kumfukuza mbweha, akamwita *Terrarius*, yaani wa ardhi. Jina hilo twaweza kulitohoa kuwa teria.

Jina si tatizo. Ugumu umo katika kazi. Katika milima ya Lake District, kaskazini-magharibi ya England, mbweha hujificha chini ya marundo ya mawe kwenye miteremko mikali. Teria aliweza kuingia akanasa. Wenye mbwa walitega sikio, wakakisia abwekapo, kisha wakashika sururu, koleo na mtaimbo. Kila jiwe lililong'olewa liliweza kuporomosha mengine juu ya mbwa au mchimbaji. Sheria ya 2004, iliyoanza kutumika 2005, iliuwekea uwindaji huo mipaka mikali. Lakini mbwa wangali wakinasa.

Kazi hiyo tuiiteje? Kufukua hakufai, kwani hufukuliwa kilichozikwa, na huyu yatumainiwa yu hai. Kumchimbia peke yake huacha shaka: ni njia au kaburi? Twapendekeza, basi, kumchimbia njia. Aidha, tundu liwe la mnyama, na shimo liwe la mchimbaji. Asemaye "shimo" kwa yote mawili atawapotosha wenzake walio mtelemkoni, na kosa hilo hulipwa kwa uhai.